Mistari Sita Mbele ya Mlima

Saa moja na robo asubuhi, na bado giza halijatoka. Kwenye kizuizi kilicho chini ya mlima Skarvefjell, magari kumi na matatu yamejipanga moja nyuma ya jingine, injini zikinguruma. La kumi na nne halingurumi. Ni gari dogo la umeme, la buluu, la mwaka 2013. Ndani yake Gunnvor Haugsbø amekaa wima, amevaa sweta mbili za sufu na kujifunika blanketi magotini. Hita ameizima.

Anatazama nyuma ya usukani. Betri ikijaa, mistari ya chaji huwa kumi na miwili. Asubuhi hii imebaki sita. Dhoruba ilikata umeme kijijini kwake usiku, gari likiwa bado kwenye waya, na alipoamka lilikuwa halijafika hata robo tatu.

"Sita," anasema, na kuifuta pua kwa glavu. "Januari nilipanda huko nikiwa na sita. Naijua hiyo sita."

Gunnvor ana umri wa miaka 61 na kazi yake ni kutunza miguu. Huenda nyumba kwa nyumba na sanduku la mikasi, visu vidogo, tupa na chupa ya spiriti, akikata kucha na kusafisha nyayo za wazee ambao mikono yao haifiki tena miguuni. Kila Jumatano huvuka mlima kwenda bonde la Indredal, kwa wateja tisa. Hana mwenzake upande ule. Barabara ya kuzunguka ni kilomita 190, na kwa baridi hii gari lake haliwezi hata nusu yake.

Mteja wa kwanza ni Olaus Nesheim, mfugaji mstaafu wa kondoo, mwenye miaka 83. Kisukari kimemtia ganzi miguuni. Anaweza kukanyaga msumari akaendelea kutembea nao mpaka jioni.

Juzi Jumatatu alimpigia simu.

"Kidole cha pili kinang'aa, msichana wangu."

"Kinang'aa vipi?"

"Kama pua ya mlevi siku ya Krismasi."

Gunnvor hakucheka. Alimuuliza kama kina joto. Olaus akajibu kwamba angejuaje, mguu wenyewe haumwambii kitu siku hizi. Tangu simu ile hajapata usingizi wa kueleweka.

Gari hili alilinunua miaka minne iliyopita. La zamani lilikuwa la petroli, nalo lilikula karibu krona 4,000 kwa mwezi, wakati yeye akishalipa kodi hubakiwa na 23,000 hivi. Mwalimu mmoja wa shule alikuwa akiuza hili kwa krona 48,000. Gunnvor alilizunguka mara tatu, akapiga magoti kwenye theluji akachungulia chini.

"Nilitazama kutu kwanza. Halafu nikamuuliza kuhusu betri, maana betri ndiyo gari," anasimulia. "Akaniambia ukweli, Mungu ambariki. Akasema, 'Imezeeka. Kiangazi itakupa kilomita mia moja. Habari ya kipupwe, usiniulize.' Mimi nikaona aibu kuuliza tena."

Siku hizi umeme humgharimu krona 700 kwa mwezi. Hilo halina ubishi hata kwa Sverre, mume wa dada yake, fundi wa magari ambaye mikono yake haijatoka grisi kwa miaka thelathini.

"Shemeji, hicho ni kibaniko cha mkate," Sverre alimwambia siku ya kwanza. "Wamekifunga magurudumu tu."

"Kibaniko hakinywi petroli."

"Sawa. Siku kikizimika mlimani, utakula mkate mbichi."

Sverre ana pikapu kubwa ya dizeli inayopanda Skarvefjell kama inakwenda dukani. Lakini pikapu hiyo hamwazimi mtu, hata mkewe.

Wenye magari ya umeme yaliyochoka wana desturi yao katika bonde hili. Hita huila betri, basi hita huzimwa, na sufu hufanya kazi yake. Kwa kiwiliwili desturi hiyo haina taabu. Kwa mikono ya mtu anayeshika miguu ya wagonjwa, ni jambo lingine. Bibi mmoja wa Indredal alimwambia Gunnvor kwamba afadhali kucha ziote mpaka zigonge mlango kuliko kuguswa na vidole vile. Olaus yeye, Jumatano iliyofuata, alikuwa ameweka bakuli la maji ya moto mezani. Gunnvor alipotaka kuliteremsha sakafuni kwa ajili ya miguu, mzee akamzuia.

"Hayo ni ya mikono yako," alisema. "Miguu yangu haihisi moto wala baridi. Wewe bado uko hai."

Tangu hapo yeye humpa umeme pia. Gunnvor akifika, huchomeka waya kwenye soketi ya zizi la kondoo, gari likachaji kutwa nzima huku yeye akizunguka kwa wateja wengine akisukuma kigari cha kuteleza kwenye theluji, kama wanavyofanya wanawake wa huko tangu zamani. Jioni hurudi, huchomoa waya, huvuka mlima. Olaus hataki malipo. Husema kondoo hawatumii soketi.

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Desemba iliyopita mambo hayakwenda hivyo.

Mwezi ule upepo haukupumzika. Upepo ukizidi, mlima hufungwa. Ukipungua kidogo, magari huvushwa kwa msafara, nyuma ya greda la theluji. Sheria ya msafara ni fupi: fuata taa nyekundu za aliye mbele yako, usisimame, usishuke garini. Jumatano tatu mfululizo Gunnvor alifika kwenye kizuizi, akatazama weupe ule unavyozunguka juu, akageuza gari na kurudi nyumbani.

"Niliogopa," anasema. "Siwezi kulivika neno zuri. Niliogopa tu, nikampigia Olaus, nikamwambia kuna dhoruba. Naye akasema, 'Kaa nyumbani, msichana wangu, vidole havina haraka.'"

Kumbe vilikuwa na haraka. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto palikuwa na mchubuko mdogo kama punje ya mtama. Olaus hakuuhisi na hakuweza kuinama kuuona. Baada ya wiki tatu kidole kilikuwa cheusi, na hospitalini kikakatwa.

Mwoga alikuwa Gunnvor, na kilio kilikwenda kwa Olaus.

Ndiyo maana Januari alijiapiza kutogeuka tena. Siku hiyo alifika kwenye kizuizi akiwa na mistari tisa. Kiongozi wa msafara, Arnfinn Lien, mtu mrefu mwenye ndevu zilizoganda, alipita dirisha hadi dirisha na tochi yake akiuliza swali lile lile.

"Chaji ipo?"

"Ipo," alijibu Gunnvor, na wakati ule ilikuwepo.

Lakini greda lilichelewa. Walisubiri saa moja na dakika arobaini, kwenye baridi ya nyuzi kumi na saba chini ya sifuri, na safari hiyo hakustahimili. Aliwasha hita kidogo, akaizima, akaiwasha tena. Kizuizi kilipoinuliwa alikuwa na mistari sita. Nyuma yake kulikuwa na lori la samaki, na nyuma ya lori magari tisa.

Angeweza kupiga honi. Angeweza kutoka kwenye mstari. Lakini watu wa bonde hili hulelewa na jambo moja kabla ya kufundishwa kusoma: usiwe mzigo kwa wengine. Mtu atavunjika mguu akawaambia wageni wamalizie kahawa kwanza.

"Niliwaza, watu ishirini wamesubiri, halafu mimi niwacheleweshe tena?" anasema. "Nikaingiza gia."

Alipanda na hita imezimwa. Kilomita ya tano, pumzi yake ilianza kuganda kwenye kioo cha mbele, kwa ndani. Alifuta kwa glavu, ikaganda tena. Taa nyekundu za mbele zikawa doa, kisha kivuli cha doa. Akiwasha hita ataona njia lakini hatafika. Akiizima atafika, ila hajui atafika wapi.

Akafungua sanduku la kazi kwa mkono mmoja. Akalowesha taulo ya miguu kwa spiriti, akasugua kioo. Barafu iliyeyuka, tundu likafunguka kubwa kama sahani. Gari zima likanuka kama zahanati.

"Nilisugua mpaka chupa ikaisha," anasema. "Halafu nikawasha hita, kwa sababu sikuwa na kingine."

Kabla ya kilele, kwenye mwinuko wa mwisho, kwenye dashibodi ikawaka picha ndogo ya kobe, ya rangi ya njano. Wenye magari haya wanamjua huyo kobe. Akitokea, gari limekwisha nguvu na linajiburuza. Mwendo ulishuka mpaka ule wa mtu anayetembea. Taa nyekundu za aliye mbele zikaondoka zake. Nyuma, lori la samaki lilipunguza mwendo, na nyuma ya lori wote wakapunguza. Sasa alikuwa kichwa cha magari kumi, katikati ya weupe usio na juu wala chini.

Alifungua dirisha, akatoa kichwa nje. Pembeni mwa barabara kule huchomekwa fito ndefu zenye utepe unaong'aa. Akawa anautafuta ufito mmoja, anaufikia, anautafuta mwingine.

"Nilizihesabu. Nilifika arobaini na moja," anasema. Sauti yake inashuka. "Ufito wa thelathini ulikuwa umeangushwa na upepo. Hapo, sijui. Hapo nilimwambia mama yangu, ambaye amekufa, kwamba ninakuja."

Kisha akahisi gari limekuwa jepesi. Barabara ilikuwa imeanza kushuka. Gari la umeme likishuka mlima hujirudishia nguvu kidogo kidogo, na kwenye kona ya pili kobe akazimika.

Chini, upande wa Indredal, Arnfinn alikuwa amesimama akihesabu magari yanavyotoka kwenye theluji. Alisubiri mpaka la mwisho, ndipo akaja dirishani kwake. Hakupaza sauti.

"Uliniambia ipo."

"Ilikuwepo."

"Na ulipoona haipo?"

"Sikutaka kukusumbua."

Arnfinn alikung'uta theluji kwenye tochi yake. "Ungenisumbua dakika kumi, Gunnvor. Kukufukua wewe na wengine kumi kungenisumbua mpaka kesho. Siku nyingine nikikuuliza, nataka namba. Adabu yako baki nayo nyumbani."

Maneno hayo ameyabeba kwa wiki tano. Amevuka mara nne tangu hapo, kila mara betri ikiwa imejaa na hali ya hewa nzuri, na bado kila Jumanne jioni huenda kukagua waya wa chaji mara mbili. Huota fito. Mara nyingine, akikata ukucha wa mtu, huona kobe wa njano kwenye kona ya jicho.

Na leo ana mistari sita.

Tochi inakuja. Inasimama kwenye gari la kumi na mbili, la kumi na tatu. Arnfinn anainama.

"Habari za asubuhi. Chaji?"

Gunnvor anaitazama mistari tena. Akisema namba, huenda akarudishwa nyumbani, na kidole cha Olaus kinang'aa. Asiposema, zile fito arobaini na moja ziko palepale.

"Sita," anasema.

Arnfinn anainua tochi. Anaumulika mlima, kana kwamba tochi inaweza kuufikia.

"Ukiwa wa kumi na nne, sita haitoshi," anasema hatimaye. "Huku nyuma njia inafunikwa tena, theluji itakula nusu. Toka kwenye mstari. Pita wote, kakae nyuma ya greda, njia ikiwa bado imefagiwa. Washa hita, uone. Kobe akitokea, washa taa za dharura, nitashuka kwenye greda nikufunge kamba. Umesikia?"

"Nipite wote?"

"Wote."

Kwa mtu wa huku, hiyo ndiyo adhabu. Gunnvor anatoka kwenye mstari, na gari lake lisilo na sauti linapita madirisha kumi na matatu, kila dirisha na uso ndani yake. Dereva mmoja wa lori anateremsha kioo.

"Mama, kuna harusi huko mbele?"

"Kuna kidole," anajibu Gunnvor, akitazama mbele, mashavu yamemwiva.

Saa mbili kasoro dakika tano kizuizi kinainuliwa. Greda linaanza kupanda, taa yake ya manjano ikizunguka, na gari la buluu linalifuata kwa karibu. Kobe anatokea mara moja, mita chache kabla ya kilele. Gunnvor anawasha taa za dharura kabla hajafikiri. Greda linapunguza mwendo, linamsubiri, na magari yote kumi na matatu yanamsubiri nyuma yake. Hakuna anayepiga honi. Kamba haikuhitajika.

Saa tatu na robo amechomeka waya kwenye soketi ya zizi na yuko jikoni kwa Olaus, mikono ndani ya bakuli.

"Leo mlima ulikuwaje?" anauliza mzee.

"Nimewachelewesha watu kumi na watatu."

"Lo. Na bado uko hai?"

Anajikausha, anapiga magoti, anauvua mguu soksi. Kidole cha pili ni chekundu, kina joto, na pembeni mwa ukucha pana ufa mwembamba ambao mzee asingeuona kamwe. Haujaoza. Anausafisha taratibu kwa spiriti, ya chupa mpya, anaufunga, kisha anampigia daktari simu kuomba dawa.

Anasema kuna mtu mjini anayeuza betri iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali, kwa krona 40,000, nayo ina nguvu mara mbili ya hii. Amekwisha weka akiba 16,000. Sverre, baada ya kunung'unika sana, amekubali kumfungia bila malipo, kwa sharti kwamba hatamwambia mtu kuwa ameshika kibaniko.

"Lakini hiyo ni ya vuli," anasema Gunnvor. "Kabla ya vuli kuna Machi na Aprili, na upepo wa Aprili ni mbaya."

Anaushika mguu wa kulia, anavihesabu vidole kwa sauti kama afanyavyo kila Jumatano tangu Desemba. Anahamia wa kushoto. Sita, saba, nane, tisa.

"Nikifika Mei navyo vyote tisa," anasema, "nitalala."