Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Juzi nyumbani kwetu Mtambile niliikuta ruta ya intaneti imefunikwa kitambaa cha kufuma, nikaikumbuka alasiri ile.

Kaka yangu Hamad alikuwa ameunda kompyuta kwa vipuri vya kuokoteza, lakini kila tukicheza gemu la mpira ilijizima na kujiwasha upya. Baba aliapa ikizima tena ataiuza, na Hamad atakwenda Unguja kufanya kazi dukani kwa ami. Chumba kilinukia karafuu zilizoanikwa uani. Hamad alicheza, mimi nikisikiliza feni ya kompyuta inavyovuma. Ikazima.

"Husuda hiyo," Mama alisema. Akaifunika kitambaa chake kizuri kuliko vyote, akaongeza na kanga, huku akiomba dua. Ikazima upesi zaidi, na Baba alikuwa kasimama mlangoni. Niliamini jicho la watu limeishinda dua ya Mama.

Sasa najua mashine ilizidiwa na joto, na kila kitambaa kiliizidishia.

Juzi nilinyoosha mkono nikitoe kile cha kwenye ruta.

"Kiache, mwanangu," alisema Mama. "Wataka na hiyo ituondokee, kama Hamad?"

Nikakinyoosha pembe zake, nikakiacha.