Kisanduku Nilichokiwekea Lazima

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Nkuhungu, Dodoma, na sikuwa na homa wala sikuwa nimekunywa kitu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa milango. Mitumba imejaa sokoni, na hata chama chetu cha kuzikana, sisi watu wa Kondoa tunaoishi mjini, kikapata kompyuta ya mtumba. Mimi ndiye niliyesomea mambo hayo, basi nikapewa kazi ya kuhamishia majina ya daftari, ya walio hai na ya marehemu, kwenye mashine. Chama kina desturi yake: kila mwaka tunasoma dua, na marehemu wote walioandikwa wanatajwa kwa majina. Asiyeandikwa hatajwi.

Lugha ya kompyuta niliyotumia ilikuwa kali. Kabla hujaandika mtu yeyote, unatangaza kwanza aina ya kila kisanduku: hiki cha maneno, hiki cha namba, hiki cha tarehe. Nami nikabuni alama zangu za kuweka juu ya visanduku. Palipo na alama ya LAZIMA, mashine haikubali pabaki wazi. Kwa uvivu wangu nikainakili alama hiyo juu ya kila kisanduku: jina, jina la baba, kijiji, mpaka tarehe ya kufariki. Unauona ujinga huo? Mtu aliye hai angeandikwaje? Lakini sikuwa nimegundua bado.

Alasiri ile nilikuwa peke yangu, nataka kuijaribu. Nikasikia hodi, nikasema karibu, akaingia Hadija.

Subiri nikueleze Hadija ni nani. Alikuwa mchumba wangu. Miaka minne nyuma alipanda lori la saruji kwenda Kondoa kuwaaga wazee wake kabla ya ndoa. Hakufika, hakurudi. Watu wakasema kaolewa Arusha. Mimi nikamngoja. Kila lori lililoshusha abiria nililisogelea kutazama, mtu mzima na akili zangu.

Nilitaka kuruka nimkumbatie, akainua mkono, akaketi kwenye kiti mbele yangu.

“Kaa, mwenzangu. Niandike kwanza.”

Gauni lilikuwa lile lile la maua, miguu imejaa vumbi, uso haujazeeka hata siku moja. Ningepaswa kushtuka, sivyo? Lakini niamini, mtu uliyemtamani miaka minne akiingia mlangoni humuulizi maswali.

Nikaandika jina lake, la baba yake, kijiji. Nikabonyeza. Mashine ikagoma: tarehe ya kufariki, lazima. Nikacheka kwa aibu.

“Nimekosea, Hadija. Ngoja niiondoe hii alama, dakika moja tu.”

“Usiiondoe. Ijaze.”

Akanitajia tarehe. Ilikuwa ya siku ile ile aliyoondoka. Akasema lori lilipinduka njia ya Kondoa, mbali mbele ya Msalato, dereva akakimbia, wenyeji wakamzika bila kujua anaitwa nani.

“Nimechoka kuwa mgeni,” akasema. “Na mimi nataka nitajwe.”

Ningeweza kuiondoa ile alama, kisanduku kikabaki wazi, nami nikaendelea kumngoja. Sitakudanganya, nilitaka hivyo. Ee Mungu, nilitaka sana! Nikamtazama, machozi yananitoka, kisha nikaijaza. Mashine ikakubali. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, limebaki vumbi la miguu sakafuni.

Kesho yake nikaifuata barabara ile, kijiji kwa kijiji, mpaka nikampata mzee mmoja mkulima. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza habari za lori. Akanipeleka pembeni mwa shamba lake, kwenye kaburi ambalo hulipalilia kila mwaka.

“Huyu binti hatukulijua jina lake,” akasema.

Nikamwambia jina. Nikalitaja kwa sauti, nikalia pale pale kama mtoto.

Mwaka ule Hadija alisomwa kwenye dua. Niliitikia amina, sauti ikakatika katikati. Nimeshaoa, nina watoto, lakini lori likisimama barabarani, mpaka leo shingo inageuka yenyewe.

Na wewe unayetengeneza madaftari ya mashine, nakuonya: fikiri kabla hujaweka lazima. Iko siku atakaa mbele yako mtu unayempenda, mashine imuulize lile swali ulilokuwa unalikimbia, na yeye akupe jibu.