Nyani Aliyechukua Begi Langu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile nyani aliponipora begi kule chini kwenye kreta ya Ngorongoro. Cheka tu, nimezoea. Hata madereva wenzangu walicheka, ila mimi siku hiyo sikuona cha kuchekesha.

Nilikuwa dereva wa watalii, kijana wa Karatu mwenye kofia pana na Kiingereza cha kujisifia. Mgeni mmoja alikuwa ameniachia laptopu yake kuukuu, nami nikaapa nitaandika habari za ukoo wetu, tangu babu zetu walipotoka Mbulu wakaja kufyeka mashamba huku. Mjuzi wa hayo alikuwa Shangazi Paskalina, dada mkubwa wa baba. Ndiye aliyenilea, maana mama alifariki nikiwa sijaota meno. Kila nilipopata mapumziko nilikwenda kwake, nikaweka mashine mezani, nikamrekodi. Nilifanya hivyo miaka miwili.

Mchana mmoja alikubali kunisimulia siku ya mwisho ya mama, jambo alilolikataa maisha yangu yote. Nikabonyeza, mashine ikaanza kurekodi. Hapo hapo simu ya bosi ikalia. Nikasema, "Endelea tu shangazi, mashine inasikia. Nitasikiliza baadaye." Nikatoka nje. Niliporudi nilimkuta anafuta macho kwa ncha ya kanga, nami nina haraka ya kupokea wageni. Wiki zikapita, sikusikiliza. Nilijiambia ipo tu, haiendi popote.

Usifikiri nilikuwa mjinga kabisa. Nakala ya kila kitu nilikuwa nayo kwenye flashi. Ila flashi yenyewe niliitia kwenye mfuko wa begi lile lile la laptopu, ili visipoteane. Nilijiona mjanja kweli.

Basi siku ya nyani tulisimama mahali pa kulia chakula, karibu na bwawa la viboko. Ndani ya begi, juu ya laptopu, nilikuwa nimetia ndizi tano za Mto wa Mbu. Sisi ndio tunaowaonya wageni kila asubuhi wasiache chakula garini. Niliwaonya vizuri sana, kisha nikaacha paa la gari wazi. Nyani dume akaingia kwa juu, akatoka na begi, akaketi ukingoni mwa bwawa na kula ndizi zangu moja moja bila wasiwasi. Nilipomkimbilia aliruka, begi likatumbukia majini. Viboko wakageuza vichwa kunitazama, nami nikarudi nyuma. Kwenye redio ya gari nikasikia sauti ya mwenzangu: "Bura, huyo nyani akimaliza kuandika kitabu chako atuletee tusome!"

Kesho yake nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza, "Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Wawili hapa nyumbani, shangazi. Mmoja uliwapa watu wa Endabash. Watatu wako Mbulu."

"Kwa nini siwaweki wote hapa, nikawaona kila asubuhi roho yangu ikatulia?"

"Ugonjwa ukiingia zizini, wasiishe wote."

"Kumbe unajua! Tangu mdogo unajua. Sasa hiyo flashi umeilaza zizi moja na mama yake, halafu unajisifu umegawa mifugo?"

Kwetu hata mtoto anajua kwamba ng'ombe hugawiwa kwa jamaa wa mbali wakatunzwa huko. Mimi nilidhani hayo ni mambo ya ng'ombe tu.

"Usinune," akasema. "Habari za ukoo sikukupa wewe peke yako. Za kuhama Mbulu anazo dada yako Marselina. Nyimbo wanazo wamama wa jumuiya ya kanisani. Zunguka uzikusanye."

Nikashusha pumzi. Kisha nikauliza, "Na ile ya mama?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Hiyo nilikupa wewe peke yako."

"Nisimulie tena, shangazi."

"Alikushika kichwa, akakuombea, akataja jina lako. Hayo ninayo. Lakini maneno yenyewe niliyabeba miaka yote, Bura, na siku ile nikayatua. Sasa nikiyatafuta hayaji. Nikikwambia leo nitakuwa natunga, na mimi siwezi kumtungia marehemu."

Nililia mbele yake kama mtoto. Mama yangu aliniombea kwa jina langu, na maneno yake yamelala chini ya viboko.

Habari za ukoo nilizikusanya upya, mwanangu. Leo nakala moja iko kwangu, nyingine Mbulu kwa Marselina, nyingine huko mtandaoni alikoiweka mjukuu wangu. Hata nyani wote wa Ngorongoro wakiungana hawaziwezi. Nawe fanya hivyo. Picha za watoto wako, kazi yako, sauti ya mzazi wako, visiishi ndani ya simu moja wala begi moja. Gawa leo, kabla hujalala. Na mtu akikusimulia jambo la moyoni, zima simu ya bosi, keti, umsikilize kwa masikio yako mwenyewe.

Sasa sogea nikushike kichwa. Ningekubariki kwa maneno ya mama yangu, lakini sinayo, kwa hiyo pokea yangu. Mungu akupe afya na watu wa kukupenda. Akuongoze uendako, akurudishe nyumbani salama. Kazi ya mikono yako idumu, na wajukuu wako waijue sauti yako.

Umesikia vizuri? Haya, rudia maneno hayo niyasikie.