Kisamaki Chekundu Kwenye Dua ya Posa

Mpaka leo nikikutana na mtu wa Handeni wa rika langu huwa naangalia pembeni kwanza, maana wapo wanaonikumbuka, na wanachokumbuka si sura yangu, ni kile kisamaki. Basi ngojeni niwasimulie mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa shemeji yangu ambaye huongeza chumvi.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami nilikuwa kijana wa mashine katika kiwanda cha mkonge hapa Korogwe, na starehe yangu ilikuwa moja tu, kutengeneza chambo cha uongo: nachonga kipande cha mti laini mpaka kipate umbo la samaki, nakipaka rangi, nakifunga nyuzi za mkonge na manyoya ya jogoo, mkia naukata kwenye bati la debe ili uzunguke majini, halafu tumboni naning'iniza ndoana ya meno matatu. (Niliiga kwa mzungu mmoja wa pale shambani, ila vyangu kambale walivipenda zaidi, na hilo nalisema bila aibu.) Kila Jumapili nashinda mtoni.

Sasa nikampenda Mwanaisha, binti wa Handeni aliyekuwa akikaa kwa dada yake hapa Korogwe, naye akanikubali, lakini baba yake, Mzee Mhina, alikwisha kusikia habari zangu na akasema hamwozi binti yake kwa mtu anayeshinda mtoni kama kenge. Mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, akaniambia, "Tukifika huko, wewe umeacha kuvua. Maneno niachie mimi."

Asubuhi ya safari nilikuwa nimemaliza kisamaki chekundu, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchonga, nikaogopa panya wasije wakatafuna manyoya (ndiyo sababu niliyojipa, ukweli sikutaka kuachana nacho), nikakitia mfukoni mwa koti, tukapanda lori.

Handeni tulipokewa vizuri, na Mwanaisha alikwisha kututangulia kwao. Tukaketi mkekani, mimi nimewekwa bega kwa bega na Mzee Mhina, wali na mchuzi wa kuku viko katikati, na mjomba akaanza kunisifia kwa sauti tamu: "Kijana wetu ametulia. Mambo ya mtoni ameyaacha, hata ndoana nyumbani hana." Wazee wakaitikia, na Mzee Mhina, naona alifurahi kweli, akasema tuombe dua, akafumba macho, akainua mikono.

Mkono wa kanzu yake ukainuka na kisamaki changu.

Kumbe ndoana ilikuwa imechomoza mfukoni ikanasa kanzu tulivyobanana pale. Kikaning'inia mbele ya uso wake, bati linameremeta, watu wote macho kodo na yeye anaendelea kuomba, nami nikanyoosha mkono taratibu nikichomoe, na hapo ndipo paka wa nyumba ile alipokiona (niseme nini, kilitengenezwa kirukiwe). Akaruka, akakosa, akatua kwenye bakuli la mchuzi, na mchuzi wote ukaishia kifuani kwa mjomba.

Mzee Mhina akafumbua macho. Akamtazama paka, akamtazama mjomba, kisha akakitazama kisamaki. Nyuma ya pazia nikamsikia Mwanaisha akicheka, kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo kwa khanga ikashindikana.

"Hiki nini?" akauliza mzee.

"Chambo, baba. Shikamoo." (Shikamoo nilikwisha kumpa tangu mlangoni, lakini sikuwa na neno jingine.)

"Umetengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba. Na kuvua sijaacha. Nikipewa mke nitapunguza, kuacha kabisa sitaweza."

Mjomba anajipangusa, hanitazami. Mzee akakinasua, akaupuliza mkia ukazunguka, akaupuliza tena.

"Nilidhani kule mtoni unakwenda kulala," akasema. "Kumbe una kazi ya mikono. Mimi nataka kumwoza binti yangu kwa mtu, si kwa mtu aliyetungwa na mjomba wake. Mtoeni huyo paka, tumalize dua."

Nikaozwa. Mjomba hakunisemesha mpaka siku ya harusi, wala simlaumu, na kisamaki chenyewe mzee hakunirudishia, alikitundika ukutani kwake. Nimezeeka sasa, na kila nikitaka kwenda kwa watu Mwanaisha hunipapasa mifuko mlangoni kama askari, nami namwachia. Ila nilikula kiapo siku ile ile, kwamba sitamtuma tena mtu kunisafisha mbele za watu: mabaya yangu nayataja mwenyewe, tena mapema, kabla chakula hakijaletwa.