Siku Niliyosema Sijala

Daktari wa kifua aliniuliza kama nimekula, nikamwambia sijala. Sikudanganya. Kabla ya kutoka nyumbani Nyamache nilikunywa chai ya maziwa vikombe viwili, na ndizi za kuchemsha tatu za kuisindikiza. Kwetu mtu ambaye hajagusa ugali hajala. Uliza yeyote.

Nilikuwa nikikohoa tangu kupanda wimbi hadi kuivuna. Picha ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, na hakuna aliyejua kama ni kansa au kovu la ugonjwa wa zamani. Kwa hiyo wangeingiza mrija mwembamba wenye kamera puani mwangu, ushuke hadi huko, wachukue sampuli. Aliyenieleza haya kwa Ekegusii ni mjukuu wangu, muuguzi wa hospitali hiyo hiyo mjini Kisii. Mimi ndiye niliyemlea, na sichoki kulisema; hadi leo ananiita Magokoro, yaani bibi.

Nilikuwa nimeshalala kitandani nilipocheua. Mjukuu akainama, akanusa.

"Magokoro, hiyo ni chai?"

"Chai tu na ndizi."

"Si uliambiwa usile?"

"Mtoto wewe, ndizi imekuwa chakula tangu lini?"

Daktari akavua glavu. Alisema ningelazwa usingizi na tumbo limejaa, chai ingepanda kooni, iingie kwenye pafu, inimalize. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nisielewe tumbo na pafu vilijuania wapi.

Wiki iliyofuata nilienda na njaa ya kweli, hata mate nikiogopa kumeza. Wakanipulizia dawa chungu kooni mpaka ulimi ukawa kama si wangu, kisha wakanidunga ya usingizi. Baadaye mjukuu aliniambia walifanya mambo matatu: walimwaga maji ya chumvi ndani ya pafu wakayafyonza tena, wakasugua kwa kibrashi, halafu wakanyofoa vinyama kwa kikoleo chenye mdomo kama wa siafu. Nikacheka. Mimi nyumba yangu naisafisha hivyo hivyo, maji na brashi. Nikajua nimeoshwa, nimepona. Nilipotema damu kidogo jioni hiyo nikasema ndio uchafu unatoka, na Sabato nikawatangazia kanisani.

Majibu yakaja. Daktari akasema kwenye maji hakuna kitu, kwenye brashi hakuna kitu, lakini kwenye vile vinyama kuna kansa. Nikamuuliza wamechanganya pafu langu na la nani. Pafu moja linatoaje majibu mawili?

Mjukuu akanishika mkono. Akaniuliza, karani wa kituo cha majani chai akitia mkono juu ya kikapu chako na asipate jani gumu, ina maana halimo?

Mimi ndiye hupanga yale laini juu.

Basi, nina kansa, na bado sijaelewa vizuri ilipitia wapi, maana sigara sijawahi kuvuta; labda ni moshi wa kuni, labda sivyo, hata wao hawasemi. Jana nilienda kuanza dawa, ile ya kutundikwa, iingie mshipani. Daktari akaja na karatasi yake.

"Umekula, mama?"

Nilimtazama mjukuu kwanza.

"Nimekunywa chai na ndizi mbili," nikasema. "Wewe ndiye uniambie kama nimekula."