Kanda Saba za Claude

Godelieve hakuwa mwongo. Hilo lisemwe mapema, maana watu wa ghorofa lile la Berea, Johannesburg, wana midomo, na waliokisimulia kisa hiki baadaye walikitia chumvi mpaka kikaharibika. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mrundi wa Rumonge, mfagiaji wa bweni la wanafunzi kule Doornfontein, asiyependa makuu. Uongo aliusema mara moja tu. Bahati mbaya aliusema mbele ya watu kumi na wanne.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 2004, wakati wa chai baada ya ibada. Mama mmoja alikuwa amejisifu hadi chai ikapoa: mwanawe daktari Ubelgiji, mkwewe benki, na mengine mengi ambayo hakuna aliyemuuliza. Kisha akamgeukia Godelieve. "Na wewe, mdogo wako aliyeko Kanada anafanya nini?"

Claude alikuwa anasafisha barafu. Ndivyo alivyomwambia dada yake kwenye simu, bila kuficha: kuna mchezo unachezwa juu ya barafu, ndani ya jengo, na wachezaji wakienda mapumziko yeye na wenzake wanaingia na mabeleshi kukwangua theluji. Godelieve alilifikiria fagio lake. Akamfikiria marehemu baba yao, mwalimu mkuu, aliyevaa tai hata akienda shambani, na watoto wake wawili waliobaki duniani, mmoja na fagio, mwingine na beleshi.

"Anacheza," akasema. "Mpira wa barafu. Wa kulipwa."

Basi yakamkuta. Haukupita muda, kifurushi kikaja kutoka Kanada. Timu ya mji wa Claude ilikuwa imeingia fainali ya ligi yao, na fainali ya kule si mechi moja kama ya mpira wa miguu; wanacheza hadi mechi saba, na wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa. Claude alikuwa amezirekodi zote, kila mechi kanda yake. Ndani mlikuwa na barua fupi: "Dada, ya kwanza, ya pili, ya tano na ya saba zilichezwa kwetu. Mapumziko yakifika usiende jikoni, kamera inabaki uwanjani. Kila mara nimeinua beleshi juu mara mbili. Ni wewe nilikuwa nakusalimia. Ukiniona, nipigie uniambie."

Miaka minane hawajaonana. Mara ya mwisho ilikuwa kambi ya wakimbizi, Kigoma, Claude akiwa juu ya lori, naye Godelieve akimrushia sweta ambalo halikufika.

Angeweza kuziangalia peke yake? Wapi! Video za Johannesburg hazisomi kanda za Kanada. Picha inakimbia tu kama mvua. Jengo zima lilikuwa na mashine moja inayosoma kanda za nchi yoyote, nayo ilikuwa sebuleni kwa Mama Thabo. Huyu aliitwa Evarista, Mtanzania wa Morogoro, aliyeolewa na mpigania uhuru wa huku Afrika Kusini na kuja naye mambo yalipotulia. Godelieve alipanga chumba kwake. Na sebule hiyo haikuwahi kuwa tupu, kwa sababu Mama Thabo alishonea humo sare za shule kuanzia asubuhi mpaka anakwenda kulala. Alikuwepo siku ile ya chai, na alipokiona tu kile kifurushi akaangusha mkasi. "Kanda za Claude! Jamani, leo tunamwona kijana wetu!"

Siku hiyohiyo jengo zima likajua. Jumapili iliyofuata viti havikutosha.

Lazima tuseme kweli, ile mechi ya kwanza iliwaziba midomo. Uwanja mweupe pee, unang'aa, na watu wanapita juu yake hawakimbii, wanateleza, mwili mzima umeinama, visu vinang'aa chini ya viatu. Mzee Jeremia, Mtanzania aliyefanya kazi kwenye uwanja wa farasi wa Turffontein, alivua kofia yake akaishika magotini kama yuko kanisani.

"Yale ni maji?" akauliza.

"Ni maji, mzee. Yamegandishwa."

"Na wamesimama juu yake." Akatikisa kichwa taratibu. "Loo! Binadamu huyu!"

Baada ya hapo hawakunyamaza tena. Ignace kinyozi alikuwa profesa wa mchezo kabla hata ya mechi ya pili. Alieleza kwa nini wachezaji wanabadilishana mbio bila kumwomba mtu, na kwa nini wakipigana refa anawatazama kwanza. "Anasubiri wachoke. Angalia, sasa anamfungia yule kwenye kibanda, dakika mbili, kama mtoto!" Mzee Jeremia alibisha kila kitu kwa mifano ya farasi. Alisema timu nyeupe inaanza kwa kasi mno na itaishiwa pumzi, na kweli ikaishiwa.

"Claude ni yupi?" Mama Thabo akauliza.

Godelieve alikuwa amejiandaa. Watu wale wamejifunika helmeti, glavu mpaka kwenye viwiko, hata shingo huioni. "Namba kumi na saba," akasema.

Eish, walivyompenda namba kumi na saba! Akigusa kile kisahani cheusi wanachogombania, sebule inasimama. Akiangushwa, Mama Thabo anapiga kelele kama kaangushwa mwanawe. Godelieve alicheka nao, rimoti kaifumbata mkononi, na mapumziko yalipofika tu akabonyeza kitufe cha kupeleka mbele. Kwenye kioo vikapita vitu vyeusi vidogo vikikimbia huku na huko juu ya ule weupe, vimekwisha kabla hujavitazama. Kimojawapo kilikuwa mdogo wake.

Alifanya hivyo kwenye kanda ya kwanza, akafanya kwenye ya pili. Ya tatu na ya nne, zilizochezwa ugenini, akaziacha ziende. Ya tano akaishika tena rimoti. Mzee Jeremia si mtu wa kudanganywa. "Gode, mwanangu, juzi ulituachia mapumziko, leo unayakimbiza. Una nini na mapumziko?" Akajibu kwamba anaokoa umeme. Usiku huo hakulala. Claude alipopiga simu kuuliza, "Dada, umeniona?" alimwambia picha ni mbaya, bado.

Kanda ya sita ndiyo iliyomuumbua. Namba kumi na saba alipigwa fimbo ya mdomo, akapiga magoti, akavua helmeti. Nywele zikaanguka mabegani, za njano, kama nyuzi za mahindi. Kamera ikamsogelea mpaka ikaonyesha kope zake, na kope nazo za njano.

Cherehani ya Mama Thabo ilikuwa imesimama. Mwisho Ignace akakohoa. "Kanada kuna baridi sana," akasema, na watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakatoka nje.

"Nilikosea namba," Godelieve alisema. Hakuna aliyemsikia, na pengine ilikuwa heri.

Kanda ya saba iliwajaza maradufu. Timu zilikuwa tatu kwa tatu, bingwa ni leo. Lakini wengi, tusifichane, walikuja kumtazama Godelieve. Alikaa mbele na rimoti yake. Claude wa kuonyesha hakuwa naye tena, na hakuna aliyemuuliza, jambo lililomuuma kuliko kicheko. Kipindi cha kwanza kikaisha, wachezaji wakatoka. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Vile vitu vyeusi vikaanza kukimbia.

Ndipo alipokumbuka kwamba kanda zimekwisha. Hakuna ya nane. Huyu anayemkimbiza hivi ndiye ndugu aliyebakiwa naye, amemsalimia kwenye kanda tatu, na zote tatu amempitisha kama inzi. Moyo ukamkataa. Akatoa kidole, akarudisha nyuma, akaiweka rimoti sakafuni.

Waliingia watu sita na mabeleshi mapana. Wa tatu alikuwa mrefu, mwembamba, kichwa wazi, na alitembea kwa ule mwendo wa baba yao, bega moja limetangulia. Alikwangua moja kwa moja mpaka ukutani, akageuka, akasimama. Akainua beleshi juu mara mbili.

"Huyu ndiye Claude," Godelieve alisema, machozi yameshafika kidevuni. "Hachezi. Niliwadanganya. Anasafisha barafu."

Alisubiri kicheko. Badala yake alimsikia Mzee Jeremia akiinuka, magoti yakilia. Ni wachache waliojua kazi yake halisi pale Turffontein. Kila mbio zikipita, anaingia na wenzake kufukia mashimo ya kwato, shimo kwa shimo, kabla farasi wengine hawajaachiwa. Alisogea mpaka karibu na kioo, akamtazama Claude akikwangua mstari wa pili, sambamba kabisa na wa kwanza. Nyuma ya beleshi lake barafu ilibaki kama kioo kilichofutwa.

"Nyamazeni," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. "Mnaona alivyonyoosha? Hapo palikuwa pamechimbika. Akiacha shimo moja tu, yule bingwa wenu anavunjika mguu." Akageuka, macho yamelowa. "Dunia nzima imekaa kumsubiri amalize. Mwanangu, na hiki ndicho ulichokuwa unatuficha? Rudisha, nimwone tena."

Akarudisha. Beleshi likapanda mara mbili, na sebule ikaguna kwa mshangao, mguno ambao hata mabao hayakuupata. Wakarudisha tena. Mama Thabo alikuwa ameziba mdomo kwa kipande cha sare. Kipindi cha pili kilipoisha walimngojea Claude kwa kimya, na alipoingia Ignace akapiga makofi peke yake, kisha wote. Nani alitwaa ubingwa? Timu ya Claude, nadhani; waulizeni wengine, maana Godelieve wakati huo alikuwa ameshashuka ngazi kwenda kwenye simu ya mtaani.

Simu ililia muda mrefu. "Allo?"

"Claude, nimekuona," akasema. Alitaka kusema mengine mengi, na yote yakamkwama. "Nimekuona vizuri kabisa. Mbona huvai kofia?"