Kilo Zilizopishana Kati ya Iringa na Mbeya

Pale Ipogolo, chini ya mlima unaopanda kwenda Iringa mjini, Esta Kalinga alijulikana kwa viazi vyake vya Kilolo, na zaidi kwa namna alivyovipakia. Wauzaji wenzake waliita vijana wa kubeba. Yeye aliinama, akalikumbatia gunia, akalitua juu ya gari, kisha akaendelea na maongezi pale alipoyaachia.

Mzee Aroni, askari mstaafu aliyefundisha ndondi kwenye ghala la zamani la mahindi, alipita siku moja kununua ndoo ya viazi. Alimtazama Esta akipakia hadi akasahau kilichomleta.

"Mama, umewahi kupiga mtu?" aliuliza.

"Bado," alijibu Esta. "Kwani kuna mtu unataka apigwe?"

Hivyo ndivyo mke wa fundi cherehani, mama wa miaka thelathini na kitu anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri, alivyoingia kwenye ndondi. Ghalani kwa Aroni hapakuwa na mashine za kung'aa. Chuma cha kunyanyua kilikuwa bomba la maji lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege kila upande, na kulikuwa na tairi la trekta la kupindua. Asubuhi Esta aliupanda mlima kwa miguu huku malori ya mbao yakikoroma kwa gia ndogo. Siku nyingine alilipita lori, na dereva akachungulia dirishani kuhakikisha kama macho yake yanamwambia kweli.

Mchezo wake haukuwa na mafumbo. Alimsogelea mtu, akamwegemea, akamsukuma hadi kwenye kamba, kisha akaanza kazi. Wanaume wa pale ghalani walianza kupatwa na dharura za nyumbani kila Aroni alipomwita Esta ulingoni.

Tatizo likawa uzito. Mizani ya Aroni, ambayo zamani ilipima magunia, ilisema Esta ana kilo themanini na moja, na Nyanda za Juu zote hakukuwa na bondia mwanamke wa kilo hizo. Aliyekaribia ni Tusajigwe, msusi wa Uyole kule Mbeya, mwenye kilo sabini. Aroni alimpigia simu Ombeni, kocha wa Tusajigwe, lakini Ombeni alikataa.

"Mzee wangu, kilo kumi na moja si utani. Huyo wako atamlalia mwenzake."

Esta alipoambiwa alinuna siku nzima. Alikuwa amepiga gunia la mchanga muda mrefu, na gunia halirudishi. Alitaka mtu wa kurudisha.

"Basi mimi nitapungua," alisema.

"Taratibu basi," Aroni alimwambia. "Na vyuma usiache. Mwili upungue, nguvu zibaki."

Esta alisikia hapo pa kupungua tu. Ugali aliuaga. Viazi aliviuza bila kuvionja, akawa mtu wa mchicha na yai la kuchemsha. Njaa ilipoanza kumlegeza akaliona lile bomba la zege kama adui, akaliacha, akabaki kukimbia. Nguo zikaanza kumpwaya. Mumewe, Crispin, alipopunguza gauni la kwaya mara ya kwanza alifurahi kuonyesha ufundi wake. Liliporudi tena mezani kwake, alilipunguza bila kujisifu, pini mdomoni.

"Esta," alisema baadaye, "kanisani wananiangalia. Wanadhani ndani hatuna chakula."

"Waambie ni ndondi."

"Nimewaambia. Sasa wanadhani nakupiga."

Mizani ya magunia iliposoma sitini na tisa, Aroni alishika simu kwa furaha. "Ombeni, yule mtu wangu yuko tayari. Uzito si tatizo tena."

Ombeni alicheka upande wa pili. "Hata huku, mzee, uzito si tatizo tena."

Kila mmoja aliona mwenzake amemwelewa vizuri sana. Pambano likapangwa Mbeya, kwenye ukumbi mmoja wa Mwanjelwa, na kupima uzito kukawekwa asubuhi ya siku iliyotangulia.

Esta alifika pale amevaa koti la mumewe kwa ajili ya baridi, na lilimtosha, jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliangaza macho akimtafuta msusi mwembamba. Kwenye benchi alikuwepo mwanamke mmoja tu, mpana, mabega yamejaa hadi mikono ya fulana imebana. Esta akamsogelea kwa adabu.

"Shikamoo dada. Samahani, unamfahamu Tusajigwe?"

"Marahaba. Ndiye mimi," alijibu yule mwanamke. Akamwangalia Esta juu hadi chini, kwa huruma. "Na wewe mdogo wangu, umemsindikiza Esta?"

Esta akafungua vifungo vya koti.

"Mimi ndiye Esta."

Tusajigwe aliinuka polepole, benchi likashukuru. Walitazamana. Kisha Tusajigwe akajifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na Esta akadhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kimekosa njia ya kutokea.

"Nilisikia aibu kocha alipokukataa," alieleza alipopata sauti. "Nikasema, huyu mama wa Iringa atadhani namwogopa. Basi nikaanza kula. Nimekula ndizi za mbalaga mpaka zikanichoka zenyewe. Na maziwa, na parachichi. Wateja wangu walinipa hongera, walidhani ni mtoto."

Mizani haikumwonea mtu haya: Tusajigwe kilo themanini, Esta sitini na tisa. Pembeni makocha wawili walikuwa wameshaanza.

"Ulisema uzito si tatizo," Aroni alisema.

"Na wewe ulisema hivyohivyo, mzee."

Mama Mercy, mwamuzi, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, aliwasikiliza hadi wakaishiwa maneno. Alisema kwa tofauti hiyo hapandishi ulingoni pambano la ushindani. Esta aliona miezi yake ya mchicha ikiyeyuka. Akaomba, Tusajigwe naye akaomba, wote wawili kwa unyonge wa watu waliokosea mahali pamoja. Mwishowe Mama Mercy akakubali maonyesho: raundi tatu fupi, glavu kubwa zilizonona, hakuna mshindi, na yeye akipuliza filimbi kila mtu anashusha mikono.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Kengele ilipolia Esta alifanya alichokijua. Alimsogelea mpinzani, akamwegemea. Tusajigwe hakusogea hata kidogo. Ilikuwa kama kuegemea ukuta wa benki. Tusajigwe naye alifanya alichokijua, yaani kurukaruka pembeni, kwa sababu siku zote alikuwa mwepesi, lakini miguu ilibebeshwa mzigo isiouzoea, na kila alipotua mbao za ulingo zilitoa taarifa. Mbele ya watu wa Mwanjelwa wakasimama mwembamba anayesukuma kama tembo na mnene anayeruka kama swala.

Raundi ya pili Tusajigwe alichoka kuruka, akaegemea. Esta alijikuta kwenye kamba, amebanwa, hapati hata pa kukunja kiwiko, na akawakumbuka wale wanaume wa ghalani mmoja baada ya mwingine. Alijaribu kumsukuma, mikono ikakataa. Si kilo peke yake zilizokuwa zimeondoka. Nguvu nazo zilikuwa zimefungasha. Hapo ndipo alipomwelewa Aroni.

Raundi ya tatu mwenzake aliishiwa pumzi. Nyama alikuwa nazo, pumzi ya kuzibeba hana. Esta akajifunza haraka kukaa mbali, akampiga konde la kushoto, akatoka, akarudi tena. Makonde aliyorudishiwa hayakuuma sana, ila alisikia utamu wa mtu anayerudisha. Filimbi ilipolia walikuwa wamekumbatiana, kila mmoja akimtumia mwenzake kama mkongojo. Mama Mercy akainua mikono yao yote miwili.

Nyumbani kwa Tusajigwe walikula wali na kuku, na Esta hakuacha hata mfupa uliokuwa na matumaini.

"Tufanye hivi," alisema Tusajigwe. "Wewe panda, mimi nishuke. Sabini na tano."

"Na wapi? Safari hii wewe uje Iringa."

"Tugawane na njia. Makambako, katikati."

Aroni alimrudisha Esta kwenye bomba la zege siku hiyohiyo waliyofika. Safari hii alimsikiliza hadi mwisho. Alinyanyua mizigo mizito kwa vipindi vifupi, akapumzika, akala ugali na maharage kwa kipimo cha mtu mzima, akapanda mlima. Mwili ulirudi kidogo tu, nguvu zikarudi zote, na gunia la viazi likaanza tena kumtii. Kila Jumamosi alimpigia simu Tusajigwe, wakasomeana mizani zao, ili wasipishane tena.

Makambako mizani ilisoma sabini na tano kwa wote wawili, na makocha wakapeana mikono bila kuangaliana usoni. Pambano lilikuwa la kweli. Tusajigwe alikuwa na miguu yake ya zamani na mabega yake mapya, na raundi mbili za mwanzo alimsumbua Esta vibaya. Lakini katika raundi ya mwisho Esta alipata kona, akaegemea, na safari hii ukuta ulisogea. Alishinda kwa pointi chache.

Tusajigwe alisubiri glavu zivuliwe, akamshika Esta mkono na kuuminya juu ya kiwiko, kwa jicho la mtu anayechagua papai sokoni.

"Kamwili kadogo hivi," alisema, "hizo nguvu unaziweka wapi?"

"Njoo Ipogolo nikuonyeshe," Esta alimjibu. "Njoo siku ya gulio, kuna magunia ya kupakia."